Pacha wa Tangi la Saba

Saa nane usiku, kiungani mwa Haiderabadi,
Tangi la Saba linachemka mara mbili:
mara moja nyuma ya ukuta, kwa mvuke na kishindo,
mara ya pili kwenye kioo changu, kimya, rangi ya buluu.
Huyu wa kioo ndiye wanayemwita pacha.

Wa chuma hutoka jasho. Akizeeka huvuja.
Wa kioo hajui kuvuja, anajua kubashiri.
Nikitaka kuongeza joto nyuzi mbili
namjaribu yeye kwanza, aungue yeye,
niione hasara ambayo haitamwagika popote.
Zamani hasara ilikuwa na njia yake:
bomba, mfereji, kisha ziwa.

Baba yangu, Mallayya, alikuwa kihisi kabla ya vihisi.
Miaka ishirini na sita pua yake ililinda zamu.
"Tolueni," angesema, angali mlangoni,
au, "Bachi hii imeharibika, msinidanganye."
Na bachi iliyoharibika haikuwa na kaburi ila maji.
Leo hanusi kitu.
Kitunguu kinaungulia jikoni, mama anakikimbilia,
naye anauliza tutakula saa ngapi.

Ziwa lenyewe, ngoja niliseme bila kulipamba,
lilikuwa na povu la kimo cha mtoto.
Sikukuu ya maua, ya kuyaachia maua yaelee,
shangazi Poshavva alileta beseni la plastiki,
akalijaza maji ya kununua,
tukalizunguka tukipiga makofi,
wanawake kumi na wanane
na beseni.

Na kule matopeni, vijidudu
vilikunywa antibiotiki yetu asubuhi na jioni
hadi vikahitimu.
Tulitengeneza dawa,
na ugonjwa tukausomesha bure.

Ndipo akaja mhandisi kutoka Pune,
Ketaki Dandekar, asiyeipenda chai yetu,
akayavisha mabomba vihisi kama bibi harusi bangili.
Mwaka wa kwanza kiyeyushi kikapungua theluthi.
Kinachobaki kinakamatwa, kinachujwa, kinarudi kazini
kama shati la kaka linalomshukia mdogo.
Bachi za kumwaga: kumi na moja,
kisha nne,
kisha moja.
Siku ya ile moja nilimpigia baba simu.
Alinyamaza, akakohoa, akauliza:
"Huyo pacha wako, anakunywa nini?"

Nikacheka. Hanywi, baba, ni hesabu tu.
"Kila kinachofanya kazi hunywa."

Swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Nikalipeleka kwa Ketaki. Yeye ni mkweli kuliko alivyo mpole:
akanionyesha kwenye ramani nyumba isiyo na madirisha,
upande wa pili wa jiji, pacha wangu anakolala
yeye na maelfu ya wenzake, wote wana homa, wote wanapozwa,
na langoni malori ya maji yamepanga foleni.
Maji ya visima vya watu nisiowajua.
"Ni kidogo kuliko tuliyookoa," alisema. "Nimepiga hesabu."
Niliiamini. Naiamini hata sasa.
Lakini aliyekaukiwa kisima
hashibi kwa ziwa la mwenzake kupona.

Katika ripoti ya mwezi kuna safu ya kiyeyushi,
safu ya umeme, safu ya mvuke, safu ya taka.
Nimeongeza moja. Nimeiita *Anakunywa nini*.
Makao makuu wameifuta mara mbili.
Nimeiandika mara tatu.

Kunakucha. Namkabidhi Srisailam zamu,
namwambia pacha ametulia, wa chuma anakoroma kidogo
kwenye valvu ya chini, amtazame kwa macho yake.
Nje harufu haipo, au huenda ipo
na mimi nimerithi pua ya baba.

Mwaka huu shangazi Poshavva amebeba maua hadi ziwani.
Beseni pia kalibeba,
kwapani.